Feni ya Namba Nne

Wamaasai waliita mahali hapa Enkare Nairobi, maji baridi. Reli ilipofika mwaka 1899 ikapiga kambi kwenye kinamasi hicho hicho, na jina likabaki hata baada ya maji yenyewe kugeuka rangi. Mgeni kutoka Mombasa haamini baridi yetu mpaka aje mwezi wa saba. Tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ikweta iko jirani tu, lakini saa kumi na moja alfajiri utamkuta makanga wa Umoja amejiviringa skafu mpaka puani. Ndani ya matatu abiria kumi na wanne wanapumua na vioo vinashika ukungu. Dereva anafuta kwa kiganja, anafuta kwa gazeti la jana, anafuta kwa mkono wa sweta, na mbele yake ni Jogoo Road, watu wakivuka gizani kwenda Industrial Area kwa miguu.

Wengi wetu hudhani hita ya gari ni mambo ya Wazungu na theluji yao. Lakini ukungu wa kioo haumalizwi na kitambaa. Unamalizwa na hewa kavu yenye joto. Kiyoyozi hukausha hewa, hita huipasha kwa maji ya moto yanayotoka kwenye injini, na feni moja tu, iliyofichwa nyuma ya kisanduku cha dashibodi upande wa abiria, ndiyo inayozisukuma zote mbili. Feni hiyo ikifa, gesi ya kiyoyozi inaweza kuwa imejaa na maji ya injini yawe yanatokota, na wewe bado unafuta kioo kwa sweta.

Nimekaa miaka kadhaa nikitazama feni hizi zikitengenezwa kando ya barabara za Eastlands, na nimeshawishika kwamba ubovu wake na ufundi wa kuuponya vimetoka mahali pamoja. Vyote viwili vimetokana na jinsi mji huu ulivyogawanywa.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Kwenye Toyota na Nissan nyingi zilizotujia kutoka Japani, swichi ya feni ina hatua nne. Siku moja unawasha namba moja, kimya. Mbili, kimya. Tatu, kimya. Nne, inavuma kama ndege inayopaa Wilson. Mwenye gari hudhani feni imechoka, kumbe feni ni nzima. Namba nne hupeleka umeme moja kwa moja kwenye mota. Namba moja hadi tatu hupitia kwanza kwenye resista, kijidude chenye waya zilizoviringwa kama springi, ambacho kazi yake ni kuupunguza umeme. Resista ikikatika, namba za chini zinakufa na ya nne inabaki yatima.

Resista hiyo hupata moto sana inapofanya kazi, kwa hiyo waliounda gari waliiweka ndani ya njia ya hewa ili feni iipoze. Mpango mzuri, mradi hewa ipite. Filta ikijaa vumbi, hewa inapungua, resista inachemka, fyuzi yake ndogo ya joto inakatika. Tena vumbi likiingia kwenye mota na kukausha grisi yake, mota inazunguka kwa taabu, inavuta umeme kupita kiasi, na umeme huo wote unapita kwenye resista ile ile. Ndiyo maana anayebadilisha resista bila kugusa mota hurudi baada ya miezi miwili akilalamika kwamba ameuziwa spea feki. Fundi anayekuambia resista imeungua amekujibu nusu tu. Nusu ya pili ni kwa nini imeungua, na huku kwetu jibu karibu kila mara ni vumbi.

Sasa, vumbi la Eastlands halikuangukia huku kwa bahati mbaya. Nairobi ina udongo wa aina mbili. Magharibi na kaskazini, kwenye vilima, ni udongo mwekundu, miti inakubali, maji yanapita. Mashariki ni tambarare ya udongo mweusi, ule unaokuwa gundi wakati wa mvua na unga wakati wa kiangazi. Wakoloni walijipa vilima. Waafrika, ambao mji ulitaka mikono yao na haukutaka familia zao, waliwekwa tambarare, karibu na reli na viwanda. Pumwani ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kariokor imebeba mpaka leo jina la wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza, Carrier Corps, lililomalizikia vinywani mwetu. Muthurwa na Makongeni zikawa za wafanyakazi wa reli. Zikaja Shauri Moyo, Kaloleni, Bahati, na baadaye mitaa ya Mbotela na Ofafa, iliyopewa majina ya viongozi wawili, Tom Mbotela na Ambrose Ofafa, waliouawa wakati wa Hali ya Hatari.

Ukitembea kwenye mitaa hiyo ya zamani angalia kitu kimoja: hakuna mahali pa kuweka gari. Vyumba vimepangwa mstari mmoja, bomba la maji la pamoja, vyoo vya pamoja, vijia vya kupita mtu na baiskeli yake. Waliochora hawakuwaza kwamba anayelala pale angekuwa na gari siku moja, achilia mbali kulitengeneza. Kwa hiyo gari lilipofika lilikaa nje, juani na vumbini, na fundi wake akakaa nalo huko huko. Watu husema mafundi wa jua kali wamevamia barabara. Mimi nauliza wangeenda kufanyia kazi wapi.

Ufundi wenyewe ulipitia mikono mingi. Mafundi wa Kipunjabi walikuja na reli, wakabaki kwenye karakana zake, wengine wakafungua gereji zao. Mpaka leo mtu wa Nairobi akitaka kumsifu fundi wa injini atasema anafanya kazi kama kalasinga, na wala hatakuwa na mtu fulani akilini. Mwafrika kwenye gereji hizo alikuwa spana boi. Kazi yake ilikuwa kushika tochi, kuosha vyuma kwa mafuta ya taa na kumpa bwana wake spana namba kumi na nne kabla hajaitaja. Mshahara ulifuata rangi, Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, na siri za kazi zilifuata mshahara. Hakuna aliyekaa chini kumfundisha spana boi. Aliiba kwa macho.

Kundi jingine lilitoka vitani. Vita Vikuu vya Pili viliwapeleka vijana wa Afrika Mashariki Abisinia na Burma, na jeshi halikuwa na muda wa ubaguzi wa karakana: lori likiharibika msituni lilitengenezwa na aliyekuwepo. Waliporudi miaka ya 1945 na 1946 walikuta mji ukiwataka warudi kuwa matarishi na matopasi. Soko la Burma, pale Shauri Moyo, bado limebeba jina la safari hiyo.

Halafu kuna Grogan. Barabara iliitwa hivyo kwa heshima ya Ewart Grogan, mlowezi aliyejulikana kwa safari yake ya kutoka Cape mpaka Cairo, na ambaye mwaka 1907 aliwacharaza viboko Waafrika hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi. Baada ya uhuru barabara ikaitwa Kirinyaga Road. Serikali ilibadilisha kibao, lakini mafundi hawakubadilisha mdomo, na ukienda leo kutafuta mota ya feni utasema unaenda Grogan. Mimi huona kisasi cha ajabu humo: jina la mtu yule sasa maana yake ni spea, grisi na watu weusi wasioomba ruhusa ya mtu.

Fundi wangu alianzia huko. Simtaji jina kwa sababu hapendi, na kwa sababu wadeni wake wanasoma. Alikuwa spana boi miaka ya sabini, wakati Wahindi wasio raia walikuwa wamebanwa na sheria ya leseni za biashara ya 1967 na wengi walikuwa wakiuza na kuondoka. Kuna gereji zilizopata wenyewe wapya kwa namna hiyo, lakini vijana wengi walibaki na maarifa bila jengo. Wakatoka nje nayo. Kenneth King, mtafiti aliyewafuatilia mafundi hawa na kuandika kitabu kuwahusu mwaka 1977, alionyesha jinsi ujuzi ulivyovuka kutoka karakana za Wahindi hadi vibandani. Kabla yake, mwaka 1972, ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulikuwa umekuja Kenya na kuiambia serikali waziwazi kwamba watu inaowafukuza na kuwavunjia vibanda ndio wanaoajiri wenzao. Ripoti ile ilisifiwa duniani kote. Askari wa baraza la jiji nadhani hawakuisoma.

Mwaka 1985 Rais Moi alifika Kamukunji, akawaona mafundi wakigonga vyuma juani, na akaahidi mabanda. Mabanda mengine yalijengwa kweli. Jina jua kali likaacha kuwa malalamiko, likawa sera, na mwaka 1992 likaingia kwenye karatasi rasmi ya serikali. Lakini Mei 1990, kati ya ahadi na karatasi, Muoroto, karibu na stesheni ya mabasi ya Machakos, ilibomolewa kwa matinga na marungu. Wazee wa Eastlands huyataja mambo hayo mawili kwa pumzi moja.

Mpaka hapo feni yetu ilikuwa ndogo. Peugeot 504 na Datsun za wakati ule zilikuwa na hita rahisi, na kiyoyozi kilikuwa cha mabalozi na mawaziri. Marekani walianza kuuza gari lenye kiyoyozi, Packard, mwaka 1939. Huku Buruburu ulifungua dirisha. Kilichobadilisha mambo ni kulegezwa kwa uagizaji bidhaa mwaka 1993. Magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika bandarini Mombasa, usukani ukiwa tayari upande wetu, maana Mjapani naye huendesha kushoto. Baadaye serikali ikaweka kikomo: gari lisizidi miaka minane. Mwalimu wa Jericho na karani wa Donholm, ambao baba zao walikuwa na baiskeli, wakajikuta na Toyota 110 yenye kiyoyozi, hita na feni ya hatua nne, iliyotengenezwa kwa ajili ya nchi ya lami na baridi ya kweli.

Gari kama hilo lilifika kwetu likiwa na miaka saba, burashi za mota zikiwa zimelika nusu, likaingizwa kwenye udongo mweusi. Unataka nini tena?

Mimi pia nimeipata namba nne. Gereji moja yenye vigae na mashine ya kahawa ilinipa karatasi ya shilingi 23,000: mota mpya, resista mpya, "na labda paneli ya swichi". Neno labda ndilo lililonitoa pale. Nikaenda Kariobangi Light Industries, ambako fundi wangu alihamia zamani, akifuata nafasi na kodi nafuu.

"Kijana, washa namba nne," alisema, akiwa bado hajanisalimia. Ikavuma. "Tatu." Kimya. Akatega sikio, akaniambia niwashe nne tena, na safari hii akafunga macho. "Unasikia inavyolia? Kama mtu wa pumu. Resista imekufa, lakini aliyeiua ni huyu mota."

"Kwa hivyo ni mota mpya, mzee?"

"Mpya ya nini? Kwani ameniambia amechoka kuishi?"

Mwanafunzi wake, kijana wa miaka ishirini hivi, alifungua kisanduku cha dashibodi, akachomoa plagi, akatoa skurubu tatu, na mota ikashuka mkononi na gurudumu lake la plastiki, lile la kusukuma hewa. Ilishuka na vumbi jeusi la kujaza kikombe. Filta ilikuwa na maandishi ya Kijapani pembeni. Haikuwa imebadilishwa tangu gari lilipokuwa kule.

Kilichofuata hakimo kwenye kitabu cha gari, kwa sababu kitabu kinasema mota haifunguliwi, inabadilishwa. Mzee aliinyanyua midomo ya bati iliyoshikilia kifuniko chake, kidogo kidogo, kwa bisibisi aliyoinoa mwenyewe. Ndani, burashi zilikuwa zimebaki kama kucha. Akavuta mkebe wa Kimbo uliojaa burashi za kila namna, za stata, za grainda, za drili, akachagua mbili kubwa kuliko zilizohitajika, akazisugua kwa msasa juu ya sakafu ya saruji, akipima kwa kidole, mpaka zikaingia kwenye vijumba vyake bila kukwama. Akazilehemu. Sehemu ya shaba zinapogusia burashi akaisafisha kwa msasa laini, halafu akachokonoa mifereji yake kwa ncha ya wembe, polepole kama mtu anayemtoa mtoto kibanzi. Bushi zikapata mafuta, tone moja kila upande. "Likizidi litarukia burashi," alisema, "na utakuwa umerudi nyumbani na kesi nyingine."

Kazi hiyo ya dakika arobaini ndiyo ninayoiita historia. Ni elimu ya watu walionyimwa kipya kwa muda mrefu kiasi kwamba waliacha kuamini neno "haifunguliwi".

Lakini sitaki kuipaka asali. Jua kali ina upande wake mbovu, na kwenye resista ndipo unapouona. Resista mtumba ilipatikana kwa shilingi 600 mlango wa tatu kutoka hapo. Kuna mafundi ambao, ili wakuokolee hizo 600, huchukua resista iliyokatika na kuunganisha waya juu ya fyuzi ya joto. Namba zote zinarudi, mteja anafurahi, na kinga iliyowekwa ili resista isichome plastiki haipo tena. Nimeona njia ya hewa iliyoyeyuka kwa ajili hiyo, na mwenye gari alikuwa na watoto nyuma. Na kwenye gesi ni hivyo hivyo. Sekretarieti ya mkataba wa Montreal wa 1987, ule wa kulinda tabaka la ozoni, iko Gigiri, mwisho mwingine wa mji huu huu, wakati mafundi wengi wa Eastlands walizoea kuachilia gesi ya kiyoyozi ipae tu kwa kulegeza nati, maana mashine ya kuikusanya ni bei ya gari. Nilipomuuliza mzee kuhusu waya wa juu ya fyuzi, alitema pembeni. "Huyo si fundi. Huyo ni daktari anayezima kengele ya moto ili mgonjwa alale."

Nililipa shilingi 2,500 jumla, filta ikiwemo. Namba moja ilipowashwa haikusikika, ila karatasi niliyoiweka mbele ya tundu ilitikisika.

Tuliporudisha kisanduku tulizungumza juu ya kuhama. Mitaa kama Shauri Moyo na Makongeni imeingizwa kwenye mipango ya kujengwa upya kwa maghorofa, na safari hii michoro ina mahali pa kuegesha magari. Nilimwonyesha mmoja kwenye simu. Mzee aliukuza kwa vidole viwili, akaupeleka kushoto, akaupeleka kulia. "Gari naziona," alisema. "Fundi atakaa wapi?"

Mwanafunzi wake alikuwa na shida nyingine. Juu ya meza yao kulikuwa na feni ya gari la haibridi. Mota ya namna hiyo haina burashi wala resista ya waya. Ina kibao cha elektroniki kilichofunikwa kwa gundi ngumu nyeusi, na mwenye gari alikuwa ameambiwa mahali pengine anunue nzima. Kijana alikuwa ameanza kuichoma gundi ile kwa hewa ya moto, tabaka moja moja, simu ikiwa imeegemezwa kwenye mkebe wa Kimbo ikimwonyesha mtu wa Pakistani akifanya vilevile. Mzee alimsimamia nyuma, mikono mgongoni, tochi kwapani. Kijana aliponyoosha mkono bila kuinua macho, mzee akampa kibano kabla hajakitaja.